Kukokotoa gharama za mahitaji ya vitafunwa kwa kuzidisha matriki: mwongozo kamili

Dada yangu hupika chapati, maandazi na vitumbua Mwananyamala, na kwa miaka mingi alitunza gharama zake katika daftari moja. Kila kitafunwa kilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulionyesha shilingi zilizotumika: unga wa chapati mia ni shilingi kadhaa, mafuta shilingi kadhaa, jumla shilingi kadhaa. Hesabu zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa. Bei ya sukari ilipopanda, kurasa zote zikawa zimepitwa, na kwa kuwa kiasi cha sukari hakikuandikwa popote isipokuwa thamani yake, hapakuwa na njia ya kuzirekebisha bila kupima kila kitu upya. Oda moja ya shughuli aliikubali kwa bei ya ukurasa wa zamani, na faida yote ikaishia dukani kwa muuza sukari.

Daftari lile liliweka pamoja vitu viwili vyenye maisha tofauti. Mapishi hubadilika mara chache sana, pengine mara moja kwa mwaka mpishi anapopata unga wa aina nyingine. Bei hubadilika kila mtu aendapo sokoni. Ukiviandika vyote viwili kama namba moja, kinachobadilika upesi hukiharibu kile ambacho kingedumu. Kuzidisha matriki ni njia ya kuyaweka mapishi katika jedwali lake, bei katika jedwali lake na oda katika jedwali lake, kisha kuyakutanisha kwa kanuni moja kila jibu linapohitajika.

Matriki ni jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima, wala hakuna zaidi ya hapo. Mada hii imekuwa ikifundishwa Kidato cha Nne katika somo la Hisabati, na wengi wetu tuliipita kwa kuzidisha namba nne kwa namba nne bila kuambiwa namba hizo zinahesabu nini. Katika mwongozo huu kila namba ina jina: kilo, lita, nazi au shilingi. Bei zote zilizotumika ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, kwa hiyo msomaji aweke zake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kipimo kimoja kwa kila hitaji

Kabla ya kuchora jedwali lolote, amua kila hitaji litapimwa kwa kipimo gani, na uamuzi huo usibadilike tena. Katika mfano wetu unga, mchele na sukari vitapimwa kwa kilo, mafuta kwa lita, nazi kwa idadi, na hamira kwa gramu. Kipimo kinachotumika katika mapishi ndicho hicho hicho kitakachotumika katika bei. Ukiandika hamira kwa gramu katika mapishi, bei yake lazima iwe ya gramu moja, hata kama hakuna muuzaji yeyote duniani anayeuza gramu moja ya hamira.

Hatua hii huchosha, lakini ndiyo inayoamua kama hesabu nzima itakuwa na maana. Masoko yetu huuza kwa debe, kwa sado, kwa fungu na kwa gunia, na vipimo hivyo havipimi uzito. Debe la mchele na debe la unga hayalingani kwa kilo, na hata sado mbili za mchele ule ule hutofautiana kulingana na jinsi muuzaji alivyokijaza kilele. Anayenunua viazi au vitunguu kwa gunia la lumbesa naye hajui amenunua kilo ngapi mpaka apime. Tafuta mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, pima ulichonunua mara moja kwa uangalifu, kisha gawanya pesa uliyolipa kwa kilo ulizopata.

Kwa vitu vinavyouzwa katika vifungashio, kazi ni nyepesi. Kiroba cha unga wa ngano cha kilo 25 kwa shilingi 40,000 ni shilingi 1,600 kwa kilo. Mfuko wa sukari wa kilo 25 kwa shilingi 65,000 ni 2,600 kwa kilo. Dumu la mafuta la lita 20 kwa shilingi 100,000 ni 5,000 kwa lita. Pakiti ya hamira ya gramu 500 kwa shilingi 10,000 ni 20 kwa gramu.

Nazi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huzijui mpaka uzivunje. Tuseme umenunua nazi 20 kwa shilingi 950 kila moja, ukalipa 19,000, na moja ikakutwa imeoza. Nazi zilizofika kwenye mbuzi ni 19, kwa hiyo bei halisi ya nazi ni 19,000 gawanya kwa 19, yaani shilingi 1,000. Kanuni hiyo itumike kwa kila kitu kinachopungua njiani au kinachomenywa: bei ya kuandikwa ni pesa uliyolipa gawanya kwa kiasi kinachofika chunguni.

Hatua ya pili: jedwali la mapishi, tuliite M

Chagua kiasi kimoja cha kupikia ambacho unakizoea. Nimechagua vipande 100 kwa kila kitafunwa, kwa sababu oda nyingi huja kwa mamia. Safu mlalo ni vitafunwa, safu wima ni mahitaji.

| Vipande 100 | Unga (kilo) | Mchele (kilo) | Sukari (kilo) | Mafuta (lita) | Nazi (idadi) | Hamira (gramu) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Chapati | 8 | 0 | 0.2 | 2 | 0 | 0 |
| Maandazi | 4 | 0 | 0.8 | 1.5 | 2 | 40 |
| Vitumbua | 0 | 3 | 1 | 1 | 4 | 30 |

Namba za jedwali hili hazitafutwi kwa kukumbuka. Hupatikana kwa kupima siku ya kupika, na ni vizuri kupima mara tatu katika siku tofauti ili upate wastani. Mafuta ndiyo yanayowadanganya wapishi wengi: karai la maandazi humiminiwa lita tatu, lakini lita hizo hazikutumika zote. Pima kabla ya kumimina, acha yaliyobaki yapoe, yachuje, uyapime tena, na tofauti ndiyo iandikwe. Mafuta yaliyochoka ambayo hutayatumia tena yahesabiwe kuwa yametumika, kwani yamekwisha kazi.

Chumvi na iliki nimeziacha ili jedwali lisirefuke. Katika jedwali lako ziweke, hasa iliki, ambayo kwa uzito wake ni ghali sana.

Mahali ambapo hitaji halitumiki, andika sifuri. Nafasi tupu ina maana mbili, ama hitaji halitumiki, ama ulisahau kulipima, na baada ya mwezi mmoja hutajua ni ipi.

Hatua ya tatu: jedwali la bei, tuliite B

Hapa mahitaji yanakuwa safu mlalo, kwa mpangilio ule ule wa safu wima za M: unga, mchele, sukari, mafuta, nazi, hamira. Safu wima ni mahali unaponunua. Nitalinganisha manunuzi ya jumla Kariakoo na duka la rejareja la mtaani.

| Bei kwa kipimo (shilingi) | Kariakoo, jumla | Duka la mtaani |
|---|---|---|
| Unga, kilo 1 | 1,600 | 1,900 |
| Mchele, kilo 1 | 2,400 | 2,800 |
| Sukari, kilo 1 | 2,600 | 3,000 |
| Mafuta, lita 1 | 5,000 | 6,000 |
| Nazi, 1 | 1,000 | 1,500 |
| Hamira, gramu 1 | 20 | 30 |

Andika tarehe juu ya jedwali hili. Bei zikibadilika usifute, bali nakili jedwali jipya lenye tarehe mpya, kwa maana majedwali ya zamani yatakuonyesha jinsi nazi au sukari inavyosogea mwezi wa Ramadhani unapokaribia, na hapo utajua lini uweke akiba.

Hatua ya nne: kuzidisha M kwa B

Kanuni ni moja. Chukua safu mlalo ya kitafunwa kutoka M na safu wima ya soko kutoka B, zidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, hadi ya sita kwa ya sita, kisha jumlisha majibu yote sita. Jumla hiyo ndiyo gharama ya kitafunwa hicho kwa bei za soko hilo.

Chapati kwa bei za Kariakoo:

8 × 1,600 + 0 × 2,400 + 0.2 × 2,600 + 2 × 5,000 + 0 × 1,000 + 0 × 20 = 12,800 + 0 + 520 + 10,000 + 0 + 0 = 23,320

Maandazi kwa bei za Kariakoo:

4 × 1,600 + 0 × 2,400 + 0.8 × 2,600 + 1.5 × 5,000 + 2 × 1,000 + 40 × 20 = 6,400 + 0 + 2,080 + 7,500 + 2,000 + 800 = 18,780

Ukiendelea hivyo kwa kila kitafunwa na kila soko, unapata jedwali hili:

| Gharama ya vipande 100 (shilingi) | Kariakoo, jumla | Duka la mtaani |
|---|---|---|
| Chapati | 23,320 | 27,800 |
| Maandazi | 18,780 | 23,200 |
| Vitumbua | 19,400 | 24,300 |

Gawanya kwa 100 na utaona kwamba chapati moja hubeba mahitaji ya shilingi 233 ikiwa umenunua Kariakoo, na 278 ikiwa umenunua mtaani. Tazama pia mahali pesa inapokwenda: katika maandazi mafuta yanagharimu 7,500 na unga 6,400. Mpishi anayepambana kutafuta unga wa bei nafuu huku akiacha mafuta yanyonywe na donge lililokaangwa katika karai lisilopata moto wa kutosha anaokoa upande mdogo na kupoteza upande mkubwa.

Sasa kuhusu ukubwa wa majedwali. M lina safu mlalo 3 na safu wima 6. B lina safu mlalo 6 na safu wima 2. Jibu lina safu mlalo 3 na safu wima 2. Namba mbili za ndani, 6 na 6, ni lazima zilingane, na zile za nje, 3 na 2, ndizo zinazobaki. Wanaocheza dhumna barazani wanaifahamu kanuni hii mikononi: kete huungana pale ncha zinapofanana, na zinazobaki wazi ni ncha za pande mbili za nje. M ni kete yenye vitafunwa upande mmoja na mahitaji upande wa pili. B ni kete yenye mahitaji na masoko. Mahitaji hukutana na mahitaji, yakafungana, na jibu likabaki na vitafunwa upande huu na masoko upande ule. Ukijaribu kuanza na B halafu M, ncha zinazokutana ni masoko na vitafunwa, na kete haikai.

Hatua ya tano: oda, tuliite jedwali O

Tuseme wiki hii kuna wateja watatu: kantini ya shule, mgahawa mmoja, na shughuli ya Jumamosi. Namba ni mamia ya vipande, kwa sababu M liliandikwa kwa vipande 100.

| Mamia ya vipande | Chapati | Maandazi | Vitumbua |
|---|---|---|---|
| Kantini | 1 | 4 | 1 |
| Mgahawa | 3 | 1 | 0.5 |
| Shughuli | 2 | 2 | 3 |

Zidisha O kwa M. Vitafunwa hukutana na vitafunwa, na kinachobaki ni wateja upande mmoja na mahitaji upande wa pili, yaani orodha ya manunuzi ya kila mteja. Sukari ya kantini, kwa mfano, ni 1 × 0.2 + 4 × 0.8 + 1 × 1 = 4.4.

| | Unga | Mchele | Sukari | Mafuta | Nazi | Hamira |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kantini | 24 | 3 | 4.4 | 9 | 12 | 190 |
| Mgahawa | 28 | 1.5 | 1.9 | 8 | 4 | 55 |
| Shughuli | 24 | 9 | 5 | 10 | 16 | 170 |
| Jumla | 76 | 13.5 | 11.3 | 27 | 32 | 415 |

Zidisha orodha hiyo kwa B upate gharama ya kila mteja katika kila soko:

| Shilingi | Kariakoo, jumla | Duka la mtaani |
|---|---|---|
| Kantini | 117,840 | 144,900 |
| Mgahawa | 98,440 | 118,750 |
| Shughuli | 142,400 | 174,900 |
| Jumla | 358,680 | 438,550 |

Ungeweza pia kupita njia nyingine: kuchukua jedwali la gharama ya vipande 100 lililopatikana katika hatua ya nne na kuzidisha O kwa jedwali hilo. Kantini ingekuwa 1 × 23,320 + 4 × 18,780 + 1 × 19,400 = 117,840, jibu lile lile. Katika matriki, O mara M kisha mara B hutoa jibu sawa na O mara jibu la M kwa B, ilimradi mpangilio wa O, M, B usivurugwe. Tumia njia zote mbili kila unapoanza jedwali jipya; zikitofautiana hata kwa shilingi moja, kuna namba imeandikwa vibaya.

Kosa lisilopiga kelele

Nakaa hapa kwa muda kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu makini wakipotea. Ukivuruga M na B, ukubwa wa majedwali hukataa na unalitambua kosa papo hapo. O halikupi ulinzi huo. Lina safu mlalo tatu na safu wima tatu, kwa hiyo hata likigeuzwa, vitafunwa vikawa safu mlalo na wateja wakawa safu wima, bado litazidishwa bila kizuizi chochote. Tuone linatoa nini likigeuzwa, kwa bei za Kariakoo:

Safu ya kwanza: 1 × 23,320 + 3 × 18,780 + 2 × 19,400 = 118,460
Safu ya pili: 4 × 23,320 + 1 × 18,780 + 2 × 19,400 = 150,860
Safu ya tatu: 1 × 23,320 + 0.5 × 18,780 + 3 × 19,400 = 90,910

Jumla ni 360,230. Jumla ya kweli ni 358,680. Tofauti ni shilingi 1,550 tu, na mtu yeyote angeiona jumla hiyo na kuridhika nayo. Hata safu ya kwanza, 118,460, inakaribia mno gharama halali ya kantini. Lakini mgahawa umepandishiwa shilingi 52,420, na utakwenda kununua kwa mwingine, wakati shughuli imepunguziwa shilingi 51,490, ambazo mpishi atazitoa mfukoni mwake. Jumla nzuri haikuthibitisha chochote.

Dawa yake ni majina. Usiandike namba katika jedwali kabla ya kuandika kila safu inaitwaje, na kabla ya kuzidisha soma kwa sauti: wateja kwa vitafunwa, vitafunwa kwa mahitaji, mahitaji kwa masoko. Maneno yanayofuatana lazima yawe yale yale. Kisha chagua mteja mmoja, yule mwenye oda isiyofanana na nyingine, na ukokotoe gharama yake kwa mkono.

Hatua ya sita: kutoka gharama hadi pesa ya kwenda nayo sokoni

Jedwali linasema unga unaohitajika ni kilo 76, lakini viroba vina kilo 25. Viroba vitatu ni kilo 75, na ni afadhali kilo moja iliyobaki inunuliwe mtaani kwa 1,900 kuliko kufungua kiroba cha nne. Mafuta lita 27 ni madumu mawili. Sukari kilo 11.3 ni mfuko mmoja, hamira gramu 415 ni pakiti moja, mchele hupimwa kilo 13.5. Nazi 32 nzima zinahitaji ununue 34, kwa kuwa katika kila 20 moja huoza. Pesa ya kuwa nayo ni:

120,000 + 1,900 + 200,000 + 65,000 + 10,000 + 32,400 + 32,300 = 461,600

Hiyo ni zaidi ya gharama ya oda kwa shilingi 102,920, na karibu yote inabaki stoo: lita 13 za mafuta, kilo 13.7 za sukari na gramu 85 za hamira. Usiwatoze wateja wa wiki hii mafuta ya wiki ijayo, lakini pia usiende Kariakoo na 358,680 mfukoni. Mpishi asiye na mtaji wa 461,600 hulazimika kununua rejareja, na jedwali linamwonyesha kwamba ukosefu huo wa mtaji unamgharimu karibu shilingi 80,000, kabla ya kutoa usafiri, kwa wiki ya oda kama hizi. Ni namba ambayo angepaswa kuibeba anapokwenda kuzungumza na wenzake wa kikoba.

Usafiri nao una swali lake. Tuseme kirikuu na mkokoteni ni shilingi 35,000 kwa safari. Kwa kantini peke yake Kariakoo inaokoa 27,060, kwa mgahawa 20,310, kwa shughuli 32,500. Hakuna oda hata moja inayolipia safari yenyewe, lakini zote tatu kwa pamoja huokoa 79,870 na kubakiza 44,870 baada ya kulipa usafiri. Kwa hiyo jibu la swali la wapi pa kununua limo katika kupanga oda ziangukie wiki moja. Ukishakwenda, gawa usafiri kwa uwiano wa manunuzi: 35,000 kwa 358,680 ni karibu asilimia 9.8, na kila mteja aongezewe asilimia hiyo.

Hatua ya saba: bei inapobadilika

Hili ndilo tuliloanza nalo. Sukari ikipanda kwa shilingi 400 kwa kilo, badilisha namba moja tu katika B, uzidishe upya. Unaweza hata kukokotoa ongezeko peke yake: safu wima ya sukari katika M, mara 400. Chapati mia zinaongezeka kwa shilingi 80, maandazi mia kwa 320, vitumbua mia kwa 400. Kwa oda za wiki, kantini ni 4.4 × 400 = 1,760, mgahawa 760, shughuli 2,000.

Mpishi mwenye jedwali hili hapandishi bei ya vitafunwa vyote kwa sababu sukari imepanda. Sukari ikipanda kwa 400, chapati moja haijafikia hata shilingi moja ya ongezeko, na mteja wa chapati hana sababu ya kulipia kitumbua cha mwingine.

Kuifanyisha kazi simu au kompyuta

Katika lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets, kazi hii hufanywa na fomula MMULT. Weka M katika ukurasa uitwao Mapishi, seli B2 hadi G4. B katika ukurasa uitwao Bei, seli B2 hadi C7. O katika ukurasa uitwao Oda, seli B2 hadi D4. Gharama ya vipande 100 ni:

=MMULT(Mapishi!B2:G4,Bei!B2:C7)

na gharama ya kila mteja ni:

=MMULT(Oda!B2:D4,MMULT(Mapishi!B2:G4,Bei!B2:C7))

Katika Excel za zamani, chagua kwanza seli zote za jibu, safu mlalo tatu kwa safu wima mbili, andika fomula, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Seli tupu au yenye maneno, kama vile «kilo 8», huifanya fomula itoe hitilafu. Andika 8 pekee, na kipimo kikae katika kichwa cha safu. Ukiongeza hitaji jipya, liongeze katika Mapishi na katika Bei kwa nafasi ile ile, kwa maana fomula haisomi majina, husoma mpangilio tu. Sukari ikikaa safu ya tatu upande mmoja na ya nne upande mwingine, hutapata onyo lolote.

Vitafunwa vyenye mapishi ndani ya mapishi

Sambusa hazipikwi moja kwa moja kutoka kwenye unga na nyama. Kwanza hutengenezwa manda, na nyama hukaangwa pembeni. Hapa tunaongeza jedwali la katikati. Sambusa 100 zinahitaji manda mia 1, kilo 2.5 za nyama iliyoiva na mkaango 1. Manda mia zinahitaji unga kilo 1.6 na mafuta lita 0.1, kilo moja ya nyama iliyoiva inahitaji nyama ya kusaga kilo 0.9, vitunguu kilo 0.3 na mafuta lita 0.06, mkaango mmoja unatumia mafuta lita 1. Zidisha safu ya sambusa kwa jedwali hilo: unga 1.6, nyama 2.25, vitunguu 0.75, na mafuta 0.1 + 2.5 × 0.06 + 1 = 1.25. Safu hiyo sasa inaingia M kama safu ya nne, baada ya kuongeza safu wima za nyama na vitunguu. Kwa majedwali ya namna hii, ambamo zao la sekta moja ni hitaji la sekta nyingine, Wassily Leontief alichunguza uchumi wa nchi nzima, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Gesi nayo ni hitaji kama mengine, na inastahili safu wima yake katika M. Pima mtungi kwa mzani kabla ya kuwasha jiko na baada ya kulizima. Tofauti ya kilo ndiyo gesi iliyopika chapati 100, na bei yake kwa kilo ni bei ya kujaza mtungi gawanya kwa kilo za gesi zilizoandikwa juu yake. Mkaa upimwe vivyo hivyo, kwa kilo zilizoingia jikoni. Kodi ya chumba usiiweke katika M, kwa sababu haiongezeki unapopika chapati mia nyingine. Iandike pembeni, na uigawe kwa idadi ya vitafunwa vya mwezi baada ya mwezi kwisha.